Injini ya pikipiki inapogonga: Tambua sauti ya cheni ya taimingi kabla ya kuruhusu ifunguliwe

KATIKA vituo vingi vya bodaboda mjini Thika na Ruiru, hukumu juu ya injini inayopiga kelele hutolewa upesi mno. Mwendeshaji huwasha pikipiki, fundi huinamisha kichwa kwa sekunde chache, kisha hutamka kwamba injini "imekwisha" na sharti ifunguliwe yote. Kufikia jioni vyuma huwa vimetandazwa juu ya gunia, mwenye pikipiki amepoteza siku mbili au tatu za kazi, na wakati mwingine injini hufungwa tena ikiwa na kelele ileile iliyompeleka kwa fundi.

Hasara hiyo si ndogo. Wengi wa wanaobeba abiria na mizigo katika miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu hulipia pikipiki kwa mkopo wa kila siku au kila wiki, ama humpelekea tajiri mwenye pikipiki kiasi kilichoagizwa kila jioni. Pikipiki ikilala, deni halilali.

Aghalabu kelele hizo hutokana na mnyororo mwembamba uliofichika ndani ya injini, ambao mafundi huuita cheni ya taimingi. Cheni hiyo ikiwa ndiyo yenye kasoro na ikatambuliwa mapema, matengenezo yake hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kufufua injini nzima. Ikipuuzwa, inaweza kuruka meno na kuzipindisha vali kwa dakika moja. Lakini pia si kila mlio ni wa cheni, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea: cheni nzima hubadilishwa ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye tapeti, au tapeti hukazwa kila wiki ilhali cheni ndiyo inayolia.

Pikipiki za eneo hili hufanya kazi ngumu kuliko ile iliyokusudiwa na waliozibuni. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilishwa upya na kufunguliwa rasmi Novemba 2012, mwendeshaji anaweza kutoka Ruiru hadi Thika, mwendo wa kilomita 20 hivi, akiwa ameshikilia mafuta karibu na ukomo wake. Akiiacha lami na kuingia mitaa ya ndani ya Membley, Kiganjo au Makongeni, hukutana na matuta, mashimo na vumbi jekundu. Tuchukue mfano wa mtu anayesafiri kilomita 100 kwa siku kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Kwa muda wa saa mbili unusu, krenki itakuwa imezunguka mara 750,000, na cheni ya taimingi haikupumzika hata mara moja.

Kazi ya cheni hiyo ni kuunganisha krenki, iliyo chini, na kamshafti, iliyo kwenye kichwa cha silinda. Kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga vali za kuingiza mchanganyiko wa petroli na hewa na kutoa moshi. Katika injini ya mipigo minne, kila vali hufunguka mara moja tu katika mizunguko miwili ya krenki. Kwa sababu hiyo sproketi ya kamshafti huwa na meno maradufu ya ile ya krenki. Injini ikiwa imetulia na krenki inazunguka mara 1,400 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 700. Uwiano huu ukumbukwe, kwani utatusaidia katika kusikiliza.

Watu husema cheni "imevutika", na usemi huo huwapotosha wengi wakadhani chuma kimenyooshwa kama mpira. Kinachotukia ni kulika kwa vipini vidogo vinavyounganisha pingili. Kama cheni ina viungo 90 na kila kiungo kimelika kwa mia mbili za milimita, yaani milimita 0.02, urefu wote huongezeka kwa milimita 1.8. Kuongezeka huko kunatosha kuifanya cheni ipigepige kuta za mfereji wake, na kuichelewesha kamshafti nyuma ya krenki. Vali zikichelewa, injini huwa nzito kuwaka asubuhi na hukosa nguvu inapoanza kupanda mlima na abiria wawili.

Ili kuidhibiti hali hiyo, watengenezaji huweka kikazo, ambacho mafundi hukiita tenshona. Ni kijiti chenye springi kinachosukuma reli iliyovikwa mpira au plastiki, nayo reli huigandamiza cheni isilegee. Katika pikipiki nyingi za siku hizi kikazo hujisogeza chenyewe kadiri cheni inavyolika, na kina meno yanayokizuia kurudi nyuma. Katika baadhi ya pikipiki za zamani, fundi hulegeza bolti, springi ikasukuma, kisha bolti ikakazwa tena. Kikazo cha aina yoyote kina mwisho wa safari yake.

Kabla ya yote, mwenye pikipiki ajue kama injini yake ina cheni hiyo. Swali hili laweza kuonekana la kitoto, lakini pikipiki nyingi zilizoingia nchini kutoka Uchina hazina. Mnamo 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ya CG125 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, baada ya kubaini kwamba wanunuzi wengi huko hawakuzingatia ratiba ya matengenezo. Wahandisi wake waliiondoa cheni ya taimingi kwa makusudi. Wakaiweka kamshafti chini, izungushwe na gia, na vali zikasukumwa kwa vijiti virefu vinavyopanda kando ya silinda. Viwanda vya Uchina viliiga injini hiyo kwa wingi, ikaenea kote Afrika Mashariki kwa majina mbalimbali. Bajaj Boxer na TVS HLX, zilizotengenezwa na kampuni za India na ambazo zimejaa barabarani humu, zina kamshafti juu na cheni ndani.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kutazama ubavuni au nyuma ya silinda. Ukiona kifaa kidogo kilichofungwa kwa bolti mbili, mara nyingi kikiwa na skrubu katikati, hicho ni kikazo cha cheni. Kama hakuna, na juu ya kichwa kuna kifuniko kimoja tu cha tapeti, yaelekea injini yako ni ya vijiti. Fundi atakayedai kwamba cheni ya taimingi ya injini ya namna hiyo imelegea, muage kwa heshima uende zako.

Sasa tuje kwenye sauti zenyewe. Anza pikipiki ikiwa imesimama, gia ikiwa huru. Mlio usiosikika hapo, bali unaoanza gurudumu linapozunguka, si wa injini. Utafute kwenye cheni ya nje inayovuta gurudumu la nyuma, sproketi zake, au beringi za magurudumu. Baada ya hapo bonyeza klachi. Kelele ikinyamaza au kubadilika klachi inapobonyezwa, shaka iwe juu ya klachi yenyewe au beringi za giaboksi, na kichwa cha silinda kiachwe kwa sasa.

Cheni iliyolegea hutoa mlio wa kusagana na kupwaya, mfano wa vijiko vinavyotikiswa ndani ya kopo. Hausikiki kama pigo moja linalohesabika. Husikika zaidi injini ikiwa imetulia, na hubainika unapopiga resi kidogo kisha ukaachilia mafuta ghafla: wakati kasi inashuka, upande wa cheni uliokuwa umekazika hulegea na kelele hupanda. Mwendo ukiwa wa kasi na wa kulingana, mlio hupungua au humezwa na sauti nyingine. Baadhi ya injini hulia hivyo kwa sekunde chache asubuhi kabla ya oili kufika juu, kisha hunyamaza. Hilo ni onyo, ila si dharura. Kelele inayobaki hata injini ikiwa imepata moto ndiyo isiyofaa kuvumiliwa.

Tapeti zina tabia nyingine. Mlio wake ni mwepesi, mkavu na wa kulingana, tik-tik-tik, mithili ya cherehani. Hutoka juu kabisa, nao huenda kwa nusu ya kasi ya krenki kwa sababu unafuata kamshafti. Ukiongeza mafuta huharakisha lakini haugeuki kuwa msagano. Nafasi ya tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, kwa bamba jembamba ambalo mafundi hulijua kwa jina la fila. Kwa CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Injini nyingine zina vipimo vyake, navyo huandikwa katika kitabu cha pikipiki. Wapo mafundi wanaokaza tapeti hadi zisilie kabisa, na mteja akaondoka amefurahi. Ni kosa baya. Vali isiyo na nafasi haifungi vizuri, huungua kingo, na injini hupoteza nguvu. Heri tapeti inayolia kidogo kuliko iliyo kimya kupita kiasi.

Kuna mlio mwingine unaofanana sana na wa tapeti nao ni wa gasketi ya bomba la moshi iliyopasuka pale bomba linapoungana na kichwa cha silinda. Husikika kama pumzi fupi fupi, pf-pf-pf, na mara nyingi huacha masizi meusi kwenye maungio hayo. Gasketi hiyo ni ya bei ya chini kabisa, na kazi yake haifiki nusu saa. Inasikitisha kwamba kuna injini zilizofunguliwa kwa ajili ya kitu kama hicho.

Pistoni iliyopwaya ndani ya silinda iliyolika hugonga zaidi injini ikiwa baridi, kisha hutulia chuma kinapopanuka kwa joto. Mara nyingi huandamana na moshi wa buluu na oili inayopungua. Kengele ndogo ndogo zinazosikika pale tu injini inapobebeshwa mzigo, hasa kwenye mwinuko na gia kubwa, huenda zikatokana na petroli inayolipuka kabla ya wakati wake. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa husababisha jambo hilo. Uchanganyaji wa mafuta ulikuwa umekithiri kiasi kwamba mnamo 2018 serikali ilitoza mafuta taa ada maalum ya Sh18 kwa lita ili kuwavunja moyo waliokuwa wakiufanya. Kabla ya kumlaumu fundi au cheni, jaza petroli katika kituo kingine ukasikilize tena.

Sauti ya kuogopewa kuliko zote ni pigo zito la chini, ngo-ngo-ngo, linalozidi injini inapovuta mzigo na ambalo hulihisi hata kwenye vikanyagio. Hilo ni beringi kubwa ya mkono wa pistoni. Zima injini papo hapo, uisukume pikipiki au uipakie kwenye gari. Kilomita tano za kujikokota hadi kwa fundi zinaweza kuugeuza mkono huo kuwa nyundo ya kuvunjia kasha la injini. Mngurumo wa mfululizo, mfano wa jiwe la kusagia, kwa kawaida hutoka kwenye beringi za krenki, na haufai kupuuzwa vilevile.

Masikio peke yake hudanganyika, kwa kuwa injini ya silinda moja ni kipande kimoja cha chuma na sauti husafiri kote. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake juu ya sehemu unayoishuku, na mpini wake uegemeze kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Ipitishe kwenye kifuniko cha tapeti, ubavu wa silinda ulio na kikazo, kifuniko cha magineto, kisha upande wa klachi. Mlio wa cheni utapanda ghafla penye kikazo na kando ya mfereji wa cheni. Vaa nguo isiyopwaya, na uwe mwangalifu na bomba la moshi; kuungua mguu kwa kutafuta mlio ni hasara nyingine.

Ikiwa dalili zinaelekea kwenye cheni, ushahidi wa pili hupatikana kwenye oili. Imwage ikiwa na joto ndani ya chombo cheupe kilicho safi. Vipande vyeusi vya mpira au plastiki ni masalio ya reli ya cheni inayolika. Chembe zinazong'aa na kunaswa na sumaku ni chuma kutoka kwenye gia, cheni au beringi. Zile zinazong'aa bila kunaswa huenda zikawa alumini ya pistoni au ya kichwa cha silinda. Dakika tano za kutazama oili chafu huweza kueleza mengi kuliko nusu siku ya kubishana kituoni. Oili hiyo isimwagwe mtaroni, maana mitaro yetu huishia mitoni.

Ushahidi wa tatu ni kikazo chenyewe, na hapa umakini unahitajika. Injini ikiwa imezimwa na pistoni iko juu mwisho wa mgandamizo, fundi hufungua bolti mbili na kukitoa. Kuanzia wakati huo mtu yeyote asiguse kikanyagio cha kuwashia wala kuisukuma pikipiki ikiwa kwenye gia, kwa sababu cheni iliyolegea inaweza kuruka jino. Kijiti cha kikazo kikiwa kimetokeza karibu chote, cheni imefika mwisho. Kikiwa kimetokeza kidogo tu na bado cheni inalia, basi huenda springi imechoka au meno yamekwama, na kilicho na kasoro ni kikazo peke yake. Ugunduzi huo mmoja unaweza kumwokolea mtu fedha nyingi. Kabla ya kukirudisha, kijiti lazima kirudishwe ndani. Kukifunga kikiwa kimetokeza na kukaza bolti kwa nguvu huvunja masikio ya kikazo au kuikaza cheni kupita kiasi.

Mwisho, fundi stadi hutazama alama. Kwenye magineto kuna alama ya T, nayo hulinganishwa na alama ya kasha. Wakati huo alama ya sproketi ya kamshafti sharti ielekee alama ya kichwa cha silinda. Alama ya juu ikiwa nyuma kidogo, cheni imerefuka. Ikiwa imepotoka kwa jino zima, imekwisha kuruka. Kwa sproketi yenye meno 32, jino moja ni nyuzi 11.25 za kamshafti, sawa na nyuzi 22.5 za krenki, na hilo latosha kuifanya injini ipige mlipuko kwenye bomba la moshi au ikatae kuwaka kabisa. Meno mawili au matatu huleta hatari ya pistoni kugonga vali.

Ikithibitika kwamba cheni imelika, isibadilishwe peke yake. Sproketi iliyotumika pamoja na cheni kuukuu huwa imeliwa meno yakawa kama ndoana, nayo huimaliza cheni mpya upesi. Cheni, sproketi na reli za kuiongoza hubadilishwa kwa pamoja, na kikazo kikaguliwe. Magineto huondolewa kwa kifaa chake maalum cha kuvutia. Kuipiga nyundo, jambo linalofanyika sana, hulegeza sumaku na kupinda krenki. Kazi ikikamilika, injini izungushwe kwa mkono mara mbili kamili na alama zitazamwe tena. Ikikwama popote, isilazimishwe na wala isiwashwe.

Kuna ujanja mmoja wa jua kali ambao hauna budi kukataliwa. Badala ya kununua kikazo kipya, springi huvutwa au huongezewa wosha ili isukume zaidi. Kelele hunyamaza siku hiyo. Baada ya wiki chache cheni huanza kulia kwa sauti nyembamba ya mluzi, reli ya plastiki huchimbika, na vipande vyake husafiri na oili hadi kwenye chujio ya chini na kuiziba.

Kuhusu chanzo cha kulika, oili ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Injini ndogo hubeba takriban lita moja tu, na lita hiyo hulainisha krenki, cheni, gia na klachi kwa pamoja. Ikipungua robo, hupata moto na kuchafuka upesi. Kiwango chake kikaguliwe kila asubuhi pikipiki ikiwa wima mahali tambarare, na umbali wa kuibadilisha ufuate kitabu, ukipunguzwa kwa anayeshinda vumbini. Oili ya pikipiki yenye klachi inayoogelea ndani ya oili huwa na alama ya JASO MA kwenye chupa. Oili za magari huwa na viungo vya kupunguza msuguano vinavyoweza kuifanya klachi iteleze. Chupa isiyo na muhuri, hata iwe ya bei nafuu namna gani, huenda ikawa oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa.

Kichujio cha hewa huja nyuma yake. Vumbi linalopita kwenye kichujio kilichotoboka huingia kwenye silinda, huchanganyika na oili na kuwa kama msasa unaozungushwa ndani ya injini mchana kutwa. Mwenye kupita barabara za vumbi hana budi kukisafisha mara kwa mara, na kukibadilisha kinapochanika badala ya kukiondoa ili injini "ipumue".

Anayempelekea fundi pikipiki na aombe mambo matatu kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa: aelezwe mlio unatoka wapi, aonyeshwe kikazo kikiwa kimetolewa, na arudishiwe vipuri vyote vya zamani. Injini ikifungwa na cheni mpya, iendeshwe kwa upole katika kilomita 500 za kwanza, oili imwagwe na kutazamwa tena kwenye chombo cheupe, na bolti za kichwa zikaguliwe kwa spana ya kupimia nguvu injini ikiwa baridi.